Alama za vidole darasani: kutafuta ushahidi mbele ya kumshutumu mtu

Boksi la chaki limepotea. Mezani kumebaki glasi yenye alama za vidole na karatasi iliyoandikwa kwa biki nyeusi. Mwalimu, ambaye mwenyewe ndiye aliyepanga mambo hayo, anawaomba wanafunzi wamtafute « mwizi ». Katika nchi mbalimbali, walimu wanatumia mazoezi ya namna hiyo kwa kufundisha sayansi ya uchunguzi wa makosa ya jinai.

Vifaa vyake si vya bei kali. Unga wa kalamu ya risasi unapakwa polepole kwenye glasi hadi alama ionekane, kisha inanyanyuliwa kwa skochi na kubandikwa kwenye karatasi nyeupe. Wanafunzi wanailinganisha na vidole vya washukiwa: mistari ina umbo la kitanzi, la mzunguko ao la upinde. Wino nao unawekwa kwenye kipande cha karatasi ya kuchujia, na ncha yake inaingizwa katika alkoli. Wino unapanda na kugawanyika katika rangi mbalimbali. Hapo biki mbili nyeusi zinaweza kuonekana kuwa tofauti.

Masomo haya yalianza zamani. Mwaka 1909, Rodolphe Archibald Reiss alianzisha shule ya polisi ya kisayansi katika Chuo Kikuu cha Lausanne, Uswisi. Mwaka uliofuata, Edmond Locard alifungua maabara ya polisi mjini Lyon, Ufaransa. Fundisho lake kubwa: mtenda kosa huacha kitu mahali alipopita, na huondoka na kitu.

Mashariki ya Kongo inajua uzito wa ushahidi. Katika kesi ya watoto waliobakwa huko Kavumu, Kivu ya Kusini, ripoti za madaktari wa hospitali ya Panzi zilikuwa kati ya vitu vilivyofikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Desemba 2017, watu 11 walihukumiwa kifungo cha maisha.

Mtaani, kelele moja ya « mwizi! » inatosha ili mtu apigwe hadi kufa, hata kama hakuiba. Darasani, mwanafunzi anayetaja jina anaulizwa kwanza: alama iko wapi, nani aliichukua, saa ngapi? Asipojibu, mshukiwa wake anaachiliwa.