Ndege Imetua, Mgeni Yu Wapi?

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee. Lakini wazee hao hawakupata kumpokea mgeni ashukaye kutoka angani. Mgeni wao alionekana kwa mbali akija njiani kwa miguu, na watoto wakamkimbilia kumpokea mzigo. Mgeni wa siku hizi husikika kabla ya kuonekana. Jamaa waliosimama nje ya uwanja wa Luano, hapa Lubumbashi, husikia ngurumo, huiona ndege ikishuka, nao hufurahi na kusema, "Amefika!" Kisha hungoja. Nusu saa hupita, halafu saa nzima. Mtoto amelala begani mwa mama yake, na dereva wa taksi auliza kama aendelee kusubiri au aende zake. Ndege imetua, mgeni yu wapi?

Ndugu wasomaji, swali hili lafaa kujibiwa taratibu. Mtu akijua sababu ya kungoja, hasira yake hupungua. Na akijua mahali dakika zake zinapopotea, aweza kuziokoa baadhi yake.

Angani upesi, ardhini polepole

Mwaka 1925 rubani Mbelgiji, Edmond Thieffry, alikuwa wa kwanza kuruka kutoka Ubelgiji hadi Kongo. Aliondoka Brussels tarehe 12 Februari, akafika Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, tarehe 3 Aprili. Safari yake ilichukua siku 51. Katika miaka ile msafiri aliyetoka Ulaya kuja Katanga aliweza kupanda meli hadi Cape Town, kisha gari la moshi lililopita Bulawayo, kwa kuwa reli ilikuwa imefika katika mji wetu tangu mwaka 1910, mji ukiitwa bado Élisabethville. Hakuna aliyelalamika juu ya saa moja ya kungoja kituoni, kwa maana safari yenyewe ilihesabiwa kwa majuma.

Leo mambo yamegeuka. Kutoka Kinshasa hadi Lubumbashi ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500, na ndege kubwa huumaliza kwa muda wa saa mbili na kitu. Atokaye Nairobi aweza kunywa chai ya asubuhi kule na kula bukari ya mchana huku. Angani wanadamu wamezigeuza siku kuwa saa. Lakini pasipoti bado husomwa na jicho la mtu, na sanduku bado hushushwa kwa mkono wa mtu. Jicho na mkono havikuongezewa mbio. Ndiyo sababu saa moja ya uwanjani, ambayo babu zetu wasingeiona kitu, sisi twaiona ndefu kuliko safari.

Tena, kabla ya kumlaumu mtu, tutazame saa zetu. Nchi yetu ina majira mawili: Lubumbashi imeitangulia Kinshasa kwa saa moja, nayo Nairobi imeitangulia Lubumbashi kwa saa moja. Wanafunzi na wahesabu: ndege ikiondoka Kinshasa saa sita mchana, na ikiruka saa mbili kamili, saa ya ukutani hapa Lubumbashi itaonyesha ngapi ikitua? Si saa nane, bali saa tisa. Mara nyingine jamaa walio nje hudhani wamengoja saa nzima, kumbe ndege ilikuwa ingali angani.

Milango minne

Abiria atokaye nchi nyingine hapiti mlango mmoja tu, bali minne, na kila mlango una kazi yake.

Mlango wa kwanza ni wa afya. Kila mtu mwenye umri wa miezi 9 au zaidi aingiaye Kongo hudaiwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Cheti hicho huanza kuwa na nguvu siku ya 10 baada ya kuchanjwa, wala si siku ile ile. Zamani kilidumu miaka 10. Lakini tangu tarehe 11 Julai 2016, kwa kanuni za afya za mataifa, chadumu maisha yote. Basi mwenye cheti cha zamani asikitupe, wala asikubali kuambiwa kwamba kimeoza. Aliyekiweka chini kabisa ya sanduku ndiye atakayebaki mlangoni, maana sanduku lenyewe bado limo tumboni mwa ndege.

Mlango wa pili ni wa uhamiaji. Hapa mtumishi husoma pasipoti, hutazama viza, huuliza mgeni atakaa wapi na kwa kazi gani, kisha hupiga mhuri. Asiyejua jina la mtaa wa mwenyeji wake, kama ni Kenya, Katuba, Kamalondo au Ruashi, atasimama akitafuta nambari ya simu, na wote walio nyuma yake watasimama pamoja naye.

Mlango wa tatu ni wa mizigo. Masanduku hushushwa, hupakiwa kwenye mikokoteni na kuletwa ukumbini. Mtu mwepesi wa karatasi aweza kufika hapa mapema na bado akangoja, kwa kuwa sanduku haliangalii wepesi wa mwenyewe. Kile kipande cha karatasi chenye nambari, alichopewa siku ya kuondoka, akitunze vizuri: ndicho ushahidi wake kwamba mzigo ni wake, na bila hicho hana la kuonyesha mzigo usipofika.

Mlango wa nne ni wa forodha. Mwenye nguo zake tu hana neno. Mwenye bidhaa za kuuza aseme ukweli na kuonyesha hati za ununuzi, maana anayeficha hufunguliwa kila mfuko, na saa yake huwa mbili.

Hesabu ya mstari

Sasa tufanye hesabu nyingine. Tuseme kwamba katika uwanja fulani wameshuka abiria 120. Pana madirisha 2 ya uhamiaji, na kila abiria hutumia dakika 2 mbele ya dirisha. Basi kila dakika moja hupita mtu mmoja, na mtu wa mwisho atapita baada ya dakika 120, yaani saa mbili kamili. Hapa hakuna mtumishi mvivu wala abiria mbaya. Ni hesabu tu. Wakifungua madirisha 6, mtu wa mwisho atapita baada ya dakika 40.

Mataifa yameifikiri hesabu hii zamani. Kwa mapatano yaliyotiwa sahihi Chicago tarehe 7 Desemba 1944 liliundwa shirika la usafiri wa anga la mataifa, ICAO, lenye makao yake Montreal, Kanada. Katika Kiambatisho cha 9 cha mapatano hayo nchi zinashauriwa zijitahidi kuwapitisha abiria wote wasio na shida ya pekee katika dakika 45 tangu kushuka ndegeni, hata ndege iwe kubwa namna gani. Hilo ni shauri, si amri yenye adhabu. Lakini ni kipimo kizuri. Anayetoka katika dakika 45 ashukuru. Anayetoka baada ya saa mbili ana haki ya kuuliza, kwa adabu, ni madirisha mangapi yalikuwa wazi.

Dakika zinazouzwa

Lakini kuna jambo moja ambalo si la hesabu tu, bali la dhamiri. Katika viwanja vya nchi yetu twaijua desturi ya protokoli: mtu anayetumwa kumpokea mgeni, anayezifahamu njia na kufahamika na watumishi, anayechukua pasipoti na kuipeleka mbele. Kumpokea mgeni si kosa. Tena mzee asiyeweza kusimama, mgonjwa, na mama mwenye mtoto mchanga wanastahili kutangulizwa, na hakuna mtu mwema atakayenung'unika.

Bali tuseme kwamba katika mstari ule wa watu 120, watu 10 wenye afya, waliokuwa nyuma kabisa, wametoa matabishi wakapitishwa mbele. Je, matabishi yameongeza dirisha? Hata moja. Je, mtumishi amesoma pasipoti upesi zaidi? Hapana. Watu wale 10 wametumia dakika 10 za kwanza, na wale 110 waliowatangulia kusimama wamerudishwa nyuma dakika 10 kila mmoja. Kumi mara 110 ni dakika 1,100, yaani saa 18 na dakika 20. Na hao kumi wamepata faida gani? Kila mmoja amefika dirishani dakika 110 kabla ya zamu yake, na kwa pamoja hizo ni dakika 1,100 zile zile! Hakuna dakika iliyozaliwa. Zote zimetolewa mfukoni mwa wengine.

Kati ya wale 110 huenda yumo kijana aliyeitwa kuja kumzika mama yake, na kilio kinamngoja yeye tu ili msafara wa kwenda makaburini uondoke. Yumo mwanafunzi ambaye baba yake amekodi taksi kwa saa, na fedha ni za kuhesabu. Aliyetoa matabishi hawaoni, kwa sababu amekwisha kuwapa kisogo. Hatusemi kwamba yeye ni mtu mbaya kuliko sisi; pengine aliogopa tu kuchelewa. Lakini matabishi ya shukrani hutolewa baada ya kazi, kwa hiari, bila kumpunguzia mtu haki yake. Fedha itolewayo kabla, ili wengine warudishwe nyuma, ina jina jingine, nalo twalijua sote: rushwa.

Kungoja na kuona kungoja

Huko Houston, Marekani, abiria walilalamika sana kwamba wanangojeshwa mizigo. Wakuu wa uwanja wakaongeza wapakuzi, hata muda wa kungoja ukashuka kuwa dakika 8 hivi. Lakini malalamiko hayakwisha. Walipochunguza, waliona kwamba abiria walitembea dakika moja tu hadi ukumbi wa mizigo, kisha wakasimama dakika 7 bila kazi. Basi wakazihamisha ndege zisimame mbali, na mizigo wakaipeleka ukumbi wa mbali, hata abiria akatembea mara sita zaidi. Malalamiko yakakaribia kwisha! Mzigo haukuja upesi zaidi; ila mtu mwenye kutembea hajioni kuwa anangoja. Tusiusifu mno ujanja huo, lakini una fundisho: kungoja bila kujua na bila kutenda ndiko kunakochosha.

Shauri kwa jamaa

Basi yafaa nini? Msafiri aweke mfukoni, si sandukuni, pasipoti, cheti cha chanjo, anwani na simu ya mwenyeji, pamoja na kalamu yake mwenyewe. Mzigo usipoonekana, au ukionekana umevunjika, aandikishe habari hiyo kabla ya kutoka uwanjani, apewe karatasi yenye nambari. Akiisha kutoka, ni vigumu kusadikiwa.

Wenyeji nao wasihesabu kutoka saa ya kutua. Waongeze saa moja, na wakiweza moja na nusu. Wapatane na dereva bei ya safari pamoja na kungoja, kabla ya kuondoka nyumbani. Wamchukulie mtoto maji na kitu cha kutafuna. Wasimpigie mgeni simu kila dakika, maana mwenye kushika simu kwa mkono mmoja na pasipoti kwa mwingine huuchelewesha mstari mzima. Na mgeni akitokea mlangoni amechoka, na shati limekunjamana, wasianze na kusema, "Mbona umekawia?" Wampokee mzigo kwanza, kama walivyofanya watoto wa zamani njiani.

Nasi sote tusimamapo mstarini tukumbuke kwamba mgongo ulio mbele yetu ni wa mtu anayengojwa na watu wake, kama sisi tunavyongojwa na wetu.