Saa Inajua Kiarabu, Lakini Haijasilimu

Waswahili tuna saa mbili: moja iko mkononi na nyingine iko kichwani. Ile ya mkononi yaonyesha kumi, nasi bila kusita twasoma saa nne. Mtoto wa Likoni, Kisauni au Changamwe hujifunza kugeuza hivyo angali mdogo, wala haoni taabu. Lakini kuna mambo ambayo saa ya mkono haiyajui kabisa, na hayo hayarekebishiki kwa kuongeza sita wala kupunguza sita.

Mwaka 1969 ulikuwa mkubwa kwa mafundi wa saa. Seiko ya Japani, Zenith ya Uswisi, na Heuer na Breitling pamoja na wenzao, wote walitoa saa ya aina mpya: hujitia ufunguo yenyewe, huonyesha tarehe, tena ina vifungo pembeni vya kupimia muda. Ndani yake mna kipande cha chuma kizito, umbo lake kama nusu ya mwezi, kinachozunguka kila mkono unapotikisika na kuikaza kamani. Ukibonyeza kifungo cha juu, akrabu ndefu ya sekunde huanza kukimbia. Ukikibonyeza tena, husimama. Ukibonyeza cha chini, hurudi mwanzo. Mwanaanga wa Marekani, William Pogue, alikwenda angani na Seiko ya namna hii mwaka 1973. Sisi watoto wa Likoni tulikuwa na kazi nyingine nayo: kupima feri huchukua dakika ngapi kuvuka.

Mjomba wangu alirudi na saa ya aina hiyo kutoka Jeddah mwaka 1976. Ilikuwa ya chuma kitupu, maana dhahabu ni haramu kwa mwanamume, naye hakutaka hata ya kupakwa. Kila akitawadha aliivua, maji yapate kufika kwenye ngozi. Majina ya siku yaliandikwa kwa Kiingereza na Kiarabu, na hapo ndipo alipotuchekesha. Alhamisi maana yake ni siku ya tano. Jana yake ni Jumatano, nayo pia ni ya tano! Waarabu huanza kuhesabu Jumapili, sisi twaanza Jumamosi, nasi tumezichukua hesabu zote mbili bila ugomvi. "Saa hii inajua Kiarabu," alikuwa akisema, "lakini haijasilimu."

Na kweli haijasilimu. Tarehe yake hugeuka saa sita ya usiku, hali siku yetu huanza jua likichwa. Usiku wa Ijumaa watu wanasoma Yasini, saa bado yasema ni Alhamisi. Kwake kila mwezi una siku 31, basi mara tano kwa mwaka mwenyewe hana budi kuisogeza tarehe kwa mkono. Tena asifanye hivyo baina ya saa tatu na saa tisa ya usiku, kwani wakati huo meno ya magurudumu yamekwisha shikana na huweza kuvunjika. Ama mwezi wetu ni wa siku 29 au 30, kwa kuandama. Gurudumu laweza kuhesabu, haliwezi kuona.

Hata jua la mchana halikubaliani nayo. Saa za Kenya hufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, unaopita karibu na Mogadishu, na Mombasa iko karibu na nyuzi 40. Kwa hiyo akrabu zikikutana juu saa sita, jua letu bado halijafika utosini. Kwa wastani huchelewa dakika 21. Magharibi nayo haitulii: mwanzoni mwa Novemba jua huchwa kama saa kumi na mbili na dakika 12, na katikati ya Februari kama dakika 43. Zamani Waturuki na Waarabu wengi walikata shauri: kila jua likichwa, saa hurekebishwa isome kumi na mbili kamili. Saa ndiyo iliyolifuata jua.

Mjomba aliyajua yote hayo, na bado saa ilimponza. Katika Ramadhani ya mwaka 1979 alishikwa na homa, akawa kitandani siku kadhaa. Mkono uliolala haukazi kamani, na saa ile haikuwa ya kutiwa ufunguo kwa vidole. Homa ilipomwacha akanuia kufunga, akaivua saa na kulala. Usiku kamani ikaisha, saa ikasimama kimya. Alipoamka kula daku akaivaa, chuma kikazunguka, akrabu zikaanza kutembea tena. Ikamwambia ni saa kumi na dakika chache. Adhana ikalia, akadhani ni ile ya kwanza, akaendelea kula taratibu. Alipotoka nje kuosha mikono, akawaona majirani wanarudi kutoka msikitini.

Kwa madhehebu yetu ya Shafii, aliyekula akidhani bado ni usiku, kisha ikabainika alfajiri imekwisha ingia, siku hiyo huilipa. Mjomba alijizuia kula mpaka Magharibi, na Mfunguo Mosi akailipa. Hakuilaumu saa. "Ilisimama kwa kuwa mimi nilisimama," alituambia. "Lakini adhana niliisikia kwa masikio yangu haya, nikaikatalia kwa ajili ya akrabu."

Mjomba amekwisha tangulia mbele ya haki, na saa ninayo mimi. Bado yatembea vizuri. Lakini kila jioni, kabla ya kuiamini, humngoja kwanza muadhini.