Jua Juu ya Mapaa ya Mji Mkongwe

Wananchi wa Unguja hawajalisahau giza la miezi mitatu, tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, ilipoharibika njia ya umeme utokao bara kupitia chini ya bahari. Waya mpya ulizinduliwa mwaka 2013. Hata hivyo, mwenye busara hukosi kuweka akiba, na akiba yetu ni jua.

Wako wanaohofu kwamba paneli nyeusi zitauharibu Mji Mkongwe, uliotiwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hofu hiyo ni ya haki, lakini ina dawa. Huko Pompeii, Italia, Nyumba ya kale ya Vettii imeezekwa vigae vya umeme wa jua vilivyofanana na vigae vya udongo. Rangi hupunguza umeme. Afadhali hasara hiyo kuliko kuipoteza sura ya mji.

Basi Serikali na iagize paneli za kipimo na rangi ya mapaa yetu, zenye fremu zisizoliwa na chumvi. Vichochoroni jua halifiki. Nguzo za taa na viti vyenye paneli viwekwe Forodhani, penye uwazi. Ada ya mja hunena. Muungwana ni kitendo.