Anwani za Kumbukumbu: Kwa Nini Biti 32 Zilitumika 31

Kumbukumbu ya kompyuta yaweza kufananishwa na ukuta mrefu wa masanduku ya posta. Kila sanduku huhifadhi baiti moja, yaani habari inayotosha kwa herufi moja, nalo lina namba yake iitwayo anwani. Prosesa, ambayo ndiyo sehemu ya mashine itekelezayo maagizo, haiwezi kuweka wala kutoa kitu pasipo kutaja anwani. Kwa hiyo wingi wa masanduku yanayotumika hutegemea urefu wa namba hiyo. Mahali ambapo namba huandikwa kwa tarakimu mbili tu, kuanzia 00 hadi 99, sanduku la mia na moja haliwezi kutajwa hata kama limekwisha kujengwa.

Kompyuta huhesabu kwa tarakimu 0 na 1 tu, na kila moja ya tarakimu hizo huitwa biti. Kila biti inayoongezwa katika anwani huzidisha idadi ya masanduku mara mbili. Biti 24 hutosha kwa baiti 16,777,216, yaani megabaiti 16. Biti 31 hutosha kwa gigabaiti 2. Na biti 32 kwa gigabaiti 4.

Nafasi iliyoachwa wazi

Mwezi wa Aprili 1964 kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza kompyuta za jamii ya System/360. Rejista zake, yaani vihifadhi vidogo vilivyomo ndani ya prosesa, zilikuwa na biti 32 kila moja, lakini anwani zilitumia biti 24 tu. Biti 8 za juu hazikuangaliwa na mashine. Wakati huo kumbukumbu ilikuwa ghali sana, na megabaiti 16 zilionekana kuwa nyingi mno.

Hata hivyo, nafasi iliyo wazi haikosi mtumiaji. Waandishi wa programu walianza kuweka alama zao katika biti hizo 8. Ikawa desturi kwamba programu moja inapoiita nyingine huipa orodha ya anwani, na anwani ya mwisho hutiwa 1 katika biti ya juu kabisa, ili anayeitwa ajue kwamba orodha imekwisha. Mapatano ya namna hii baina ya programu hayaonekani kwa mtumiaji wa mashine, lakini anayeyavunja huvunja pia kila programu iliyoyategemea.

Hatari ya kupanua

Kadiri programu zilivyokua, megabaiti 16 zilianza kubana, hasa kwa kuwa sehemu yake ilichukuliwa na programu kuu inayoisimamia mashine. Yamkini mtu angeuliza: kwa nini prosesa isianze tu kusoma biti zote 32? Jibu limo katika alama zile. Anwani 5,000 iliyotiwa alama katika biti ya juu ingesomwa kuwa 2,147,488,648. Programu ingekwenda mahali pasipo pake, ikasimama, au vibaya zaidi, ikaharibu habari za mwingine bila mtu kutambua. Na programu hizo ndizo zilizotunza hesabu za mabenki na mashirika ya bima.

Dawa ilipatikana katika mfumo wa System/370-XA, ulioanza kutumika mwaka 1983. Prosesa ilipewa hali mbili za kusoma anwani. Katika hali ya kwanza ilisoma biti 24 kama zamani. Katika ya pili ilisoma 31. Biti moja ya juu iliachwa makusudi, ili ile alama ya mwisho wa orodha iendelee kufanya kazi. Programu za kale zilibaki chini ya mstari wa megabaiti 16, na mpya zilipanda juu yake. Gharama yake ilikuwa kupoteza nusu ya nafasi: gigabaiti 2 badala ya 4.

Athari hiyo haikuisha upesi. Anwani za biti 64 zilipofuata, kuanzia mwaka 2000, eneo lililo kati ya gigabaiti 2 na 4 liliwekwa kando. Anwani ya kale yenye alama, ikisomwa kimakosa, huangukia eneo hilo lisilo na kitu, na kosa hugunduliwa mara moja.

Funzo

Kampuni ya Apple nayo ilipita njia iyo hiyo. Kompyuta yake ya Macintosh ya mwaka 1984 ilitumia anwani za biti 24 na kuweka alama katika biti 8 za juu. Mwaka 1991, programu yake kuu ya System 7 ilipoleta anwani za biti 32, baadhi ya programu za awali zilishindwa kufanya kazi, ikabidi mtumiaji aachiwe njia ya kurudi kwenye biti 24.

Wabunifu wa AMD64, ambayo prosesa zake zilianza kuuzwa mwaka 2003, walichukua tahadhari mapema. Kati ya biti 64, anwani zilitumia 48, lakini zile 16 za juu hazikuachwa huru: zote zilipaswa kufanana na biti ya juu ya hizo 48, la sivyo prosesa huikataa anwani. Kwa sharti hilo nafasi ya upanuzi ililindwa, na baadaye kampuni ya Intel iliweza kurefusha anwani hadi biti 57. Anayetaka kupanua nyumba kesho hana budi kukilinda kiwanja leo, kingali kitupu.