Sura ya 6: Jeni Nzima, Protini Haipo

Mwaka 2013, wasichana wa darasa la nne katika Kaunti ya Kitui walianza kudungwa kwa majaribio chanjo dhidi ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, miaka 6 kabla ya chanjo hiyo kuenezwa Kenya nzima. Kwa nini watoto wa miaka 10 hivi, na si mama zao? Jibu limo ndani ya seli.

Seli za mlango wa kizazi, kama seli zote, zina jeni za kuzuia uvimbe. Jeni ya RB1 hutengeneza protini ya pRb, inayoizuia seli isigawanyike kabla ya wakati. Jeni ya TP53 hutengeneza p53: DNA ikiharibika, p53 husimamisha mgawanyiko ili irekebishwe, na isiporekebishika huiamuru seli ife.

Katika saratani nyingi za mapafu na utumbo mpana, jeni ya TP53 yenyewe huwa imeharibika. Katika saratani ya mlango wa kizazi, kwa kawaida jeni ni nzima. Kinachotoweka ni protini yake. Virusi vya HPV, hasa aina ya 16 na 18 zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hii, huleta protini mbili. E7 huinasa pRb, seli ikagawanyika ovyo. E6 huifanya p53 ibandikwe alama ya taka, kisha mitambo ya seli yenyewe huisaga. Ni kama bawabu anayebebwa kila anaporipoti zamu: ameajiriwa, lakini lango halina mtu.

Mara nyingi kinga ya mwili huvifukuza virusi hivi ndani ya miaka 2. Visipotoka, makosa ya DNA hurundikana, na saratani hutokea baada ya miaka 15 hadi 20. Kinga ikiwa dhaifu, kama kwa mwenye VVU asiyetibiwa, ni miaka 5 hadi 10.

Muda huo mrefu ndio fursa ya mwanamke wa mji wa Mwingi au wa Wote. Muuguzi hupaka mlango wa kizazi asidi hafifu ya siki, akasubiri dakika moja. Penye seli zilizobadilika hugeuka peupe, na seli hizo huweza kugandishwa zife kabla hazijawa saratani.

Chanjo huzuia virusi kuingia, haivitoi vikishaingia. Kwa hiyo mzazi, binti yako wa miaka 10 hadi 14 achanjwe kabla hajaanza kujamiiana. Nawe mama uliyefika miaka 30, au 25 ukiwa na VVU, kapimwe hata kama huumwi popote.