Unauziwa Altezza ‘RS200’? Soma kibati kwanza, difu itafuata

Jamaa yangu wa Ngara mjini alinipigia simu kutoka Benaco, akiwa amesimama mbele ya Toyota Altezza nyeupe. Muuzaji anasema ni RS200, gia sita, ina LSD, kwa hiyo bei iko milioni mbili juu ya Altezza ya kawaida. Nyuma ya buti kweli kumeandikwa RS200. Swali lake lilikuwa moja: “Mwanangu, nitajuaje?”

Nilimwambia asiangalie buti. Nembo inabandikwa kwa gundi. Afungue boneti.

Altezza ilitengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005, na zinazotembea huku kwetu karibu zote ni za namna mbili. AS200 ina injini ya 1G-FE, silinda sita. RS200 ina 3S-GE, silinda nne, na hiyo ndiyo ya mbio: kiwandani ilitajwa kuwa na nguvu farasi 210 kwa ya gia za mkono, wakati AS200 iko kwenye 160. Hapo ndipo watu wanapigwa, maana mtu akisikia “silinda sita” anadhani ndiyo kali zaidi. Na hizo gia sita anazojivunia muuzaji hazithibitishi chochote, AS200 nayo ilitoka na gia sita za mkono.

Hata ukubwa wa injini kwenye kadi hausaidii. Moja ina cc 1,988, nyingine 1,998. Kinachosaidia kwenye kadi ni mwanzo wa namba ya chesisi. Ikianza na SXE10, hiyo ni RS200. Ikianza na GXE10, ni AS200, hata kama imebandikwa nembo kumi.

Halafu linganisha kadi na gari yenyewe. Chini ya boneti kuna kibati kidogo cha chuma. Soma mistari yote: modeli, injini, namba ya chesisi, rangi, na ule mstari wa giaboksi na eksili ambao wengi wanauruka. Mstari huo una kodi fupi inayoeleza gari ilitoka kiwandani na giaboksi gani na difu gani. Piga picha kibati kizima. Usiandike kwa mkono, utakosea herufi.

Picha hiyo mpelekee muuza spea mwenye katalogi ya Toyota. Akiingiza namba ya chesisi anaona mwezi gari ilipotengenezwa, daraja lake, na difu iliyofungwa siku ile. Usihangaike na zile tovuti za kusoma VIN ya tarakimu 17. Gari iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani haina namba hiyo, ina namba fupi ya chesisi, na tovuti hizo zitakujibu kuwa gari haipo.

Kwa wapenzi wa Subaru mchezo ni uleule. Impreza ya miaka ya 2000 yenye bawa kubwa na nembo ya pinki si lazima iwe STI. Kwenye kibati, STI ya kizazi hicho inaanza na GDB. Ukikuta GDA, hiyo ni WRX iliyovaa nguo za kaka yake.

Sasa turudi kwenye LSD. Kwa kifupi, ni difu inayozuia tairi moja lizunguke bure wakati jingine limesimama. Kwenye kona, au kwenye tope la masika, utaihisi. Baadhi ya RS200 zilitoka na LSD aina ya Torsen, lakini si zote, ndiyo maana kodi ya eksili ni muhimu.

Kuna kipimo cha gereji pia. Weka vizuizi magurudumu ya mbele, nyanyua nyuma yote mawili juu ya stendi imara (jeki peke yake usiiamini, hata dakika moja), weka gia huru, achia handibreki. Zungusha gurudumu moja. La pili likifuata upande uleule, ni dalili nzuri ya LSD. Likienda kinyume, mafundi wengi watakwambia “hakuna kitu hapa.” Wasikukatishe tamaa haraka. Torsen, ikiwa magurudumu yote yako hewani, inaweza nayo kwenda kinyume. Hapo kodi ndiyo inaamua.

Gari ikiwa juu hivyo hivyo, unaweza kujua pia uwiano wa gia za difu. Kwa difu ya kawaida, mwambie mwenzako ashike gurudumu moja lisitikisike, wewe zungusha jingine mara 20 huku ukihesabu mizunguko ya propela. Ukipata 41, difu yako ni 4.1. Ukipata 43, ni 4.3. Kama magurudumu yanazunguka pamoja, mara 10 zinatosha.

Namba hizo ndizo vijana wanazozitaka wanaposema wanataka kubadilisha gia za difu. Namba ikiwa kubwa, gari inachomoka haraka na kupanda milima vizuri, ila injini inazunguka zaidi kwa mwendo uleule. Ukitoka 4.1 kwenda 4.3, pale ulipokuwa unatembea na mizunguko 3,000 kwa dakika sasa utakuwa karibu na 3,150. Madereva wa malori wanaopumzika Benaco wakisubiri kuvuka Rusumo wanalijua hili kuliko vijana wengi wa mjini. Waulize difu ya mlima na difu ya tambarare, utapewa darasa bure.

Kwa hiyo jiulize gari inaishi wapi. Kama ni vilima vya Ngara na safari fupi, 4.3 ina maana. Kama kila mwezi unaenda Dar, zaidi ya kilomita 1,200 kwenda tu, utailipia kwenye mafuta na kwenye kelele. Tena, kama mshale wa spidi unachukua taarifa kwenye giaboksi, utaanza kukudanganya: ukienda 100 halisi utasoma kama 105.

Kazi yenyewe si ya fundi wa kila kitu. Kroni na pinion huuzwa kama jozi, zimesagwa pamoja. Usichanganye kroni ya huku na pinion ya kule hata kama meno yanalingana kwa idadi. Nafasi kati ya meno yake inapimwa kwa geji ya saa, na kwa difu nyingi za Toyota iko kati ya milimita 0.13 na 0.18. Fundi akikwambia anapima kwa mkono, chukua funguo zako uondoke. Ikibana sana inaungua, ikilegea inalia kama mbuzi. Njia salama kwangu ni kununua difu nzima ya gari ya familia ileile, kisha kuihesabu juu ya stendi kabla hujalipa.

Wenye Subaru, nawaomba msome hapa mara mbili. Gari inayovuta magurudumu manne ina difu ya mbele ndani ya giaboksi na nyingine nyuma, na uwiano wake wa mwisho lazima ulingane. Ukifunga difu ya nyuma ya 4.44 kwenye gari ambayo mbele ni 4.11, hizo mbili zitavutana muda wote uko barabarani. Haichukui muda, kinachokufa ni giaboksi, na bei ya giaboksi ya Impreza unaijua.

Jamaa yangu alinitumia picha ya kibati dakika ishirini baadaye. GXE10. Alimwonyesha muuzaji, muuzaji akasema hata yeye aliuziwa hivyo. Wakakubaliana bei ya AS200, na jioni ile gari ikalala Ngara. Nembo ya RS200 bado ipo kwenye buti, anasema inapendeza.