Goti lisilopona: fahamu uvimbe unaokula mfupa

Sisi tunaobeba kuni na madumu ya maji huumwa magoti mara kwa mara, na tukipumzika maumivu hupungua. Lakini ikiwa una umri wa miaka 20 hadi 40, na goti moja linauma wiki nyingi, hata usiku, tena limevimba, usiendelee kulichua. Nenda kituo cha afya. Huenda ni uvimbe wa mfupa wa seli kubwa.

Uvimbe huu ni nadra, na mara nyingi si saratani. Hata hivyo hula mfupa. Kila siku mwili wako hubomoa mfupa uliochakaa na kujenga mpya, kama unavyotoa tofali bovu ukutani na kuweka jingine. Wabomoaji ni seli kubwa zinazotoa asidi ya kuyeyusha mfupa. Ndani ya uvimbe, seli zilizoharibika huwaita wabomoaji hao bila kukoma, na wajenzi hawawezi kwenda nao sambamba. Mfupa hubaki ganda jembamba. Unajikwaa kidogo tu, unavunjika.

Wabomoaji hutii pia homoni, yaani kemikali zinazopeleka maagizo kupitia damu. Shingoni kuna tezi ndogo nne zinazoongoza kalsiamu mwilini. Homoni yake ikizidi, hutokea mashimo ya mfupa yanayofanana mno na uvimbe huu, hata kwa darubini. Kwa hiyo usishangae ukitolewa damu mkononi ilhali linalouma ni goti! Tatizo likiwa ni tezi, hutibiwa tezi, na mfupa huweza kujijenga wenyewe.

Mama mjamzito, kuna wanawake ambao uvimbe huu ulikua haraka wakati wa mimba. Usidhani ni uzito wa mtoto tu. Mweleze muuguzi, na utaje ujauzito wako kabla ya kupigwa eksirei.

Tiba kuu ni upasuaji: uvimbe hukwanguliwa na tundu hujazwa saruji maalumu. Ipo pia sindano ya denosumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013, inayozima ule mwito wa wabomoaji. Ni ghali na haifai kwa wajawazito.

Uvimbe unaweza kurudi, hasa katika miaka 3 ya kwanza. Tunza picha zako za eksirei na karatasi za rufaa mahali pakavu, na ukihamishwa au ukirejea nyumbani, ondoka nazo.